Riwaya Alizozipima Milcah kwa Samaki Walioungua

Nafasi ya shule ilikuwa yangu. Januari 1984 baba alikuwa na uwezo wa kununua sare moja tu. Mimi Philister, mtoto mkubwa, nikabaki jikoni. Mdogo wangu Milcah akapelekwa. Aliniahidi atanifundisha kusoma. Hakunifundisha. Maneno haya ni yangu. Binti yangu Ivyne ndiye aliyeyaandika.

Marehemu Milcah alizaliwa tarehe 9 Juni 1978 Ugunja, akasomea huko hadi kidato cha nne, kisha chuo cha ualimu. Mwaka wa 2003 aliajiriwa kufundisha fasihi katika shule moja ya upili hapa Dagoretti. Mwaka wa 2006 aliolewa na Zadock, wakahamia mtaa wa Satellite.

Kuchagua riwaya za wanafunzi ndiko alikokupenda. Kila Jumamosi alishuka mjini, akarudi na vitabu vya mitumba kutoka nchi za mbali, akaketi kando ya karai langu la samaki Dagoretti Corner. Alinisimulia kwa Kiswahili, polepole, moshi ukipita kati yetu, mpaka machoni pangu barabara ya Ngong ikajaa mchanga na watu wa stendi wakapita kama msafara wa ngamia. Samaki wakiungua nikisikiliza, kitabu kilienda darasani. Mara moja walimu wenzake walitaka riwaya nene iliyosifiwa dunia nzima. Alinisimulia siku mbili, kisha akawaambia, "Hii haijaunguza hata omena mmoja mdogo." Haikununuliwa.

Wanafunzi waligombania vitabu vyake. Mimi niliendelea kutia kidole gumba benki. Kila nilipomwomba anifundishe herufi, alicheka.

"Ukijua kusoma, dada, utakisifu kitabu kwa sababu wengine wamekisifu. Nitapata wapi masikio mengine?"

Februari 2024 alipatikana na saratani ya tumbo. Akiwa kitandani alinianzia riwaya ya msichana anayevuka ziwa lililoganda, akiona taa ng'ambo. Alisinzia msichana akiwa katikati ya ziwa. Alifariki tarehe 3 Mei 2025, saa nane mchana.

Ameacha mumewe Zadock, binti yao Veronicah, na mimi. Mungu ampe usingizi mtulivu.

Wanafunzi wake wa kidato cha tatu wameimaliza riwaya hiyo. Jana walikuja kunisimulia mwisho wake, nikawakataza. Deni la mwalimu wao sasa ni lao: waje kwangu na herufi, moja moja, mpaka nilivuke ziwa hilo kwa macho yangu mwenyewe.