Zimwi la Nesi

"Shemeji, zimwi lako lazima lipunguzwe nguvu," fundi saa alimwambia nesi aliyekaa naye mbele yangu kwenye treni, nami nikakunja gazeti. Kumbe walikuwa na mchezo wao wa mezani, ule wa kurusha dadu na kujifanya mashujaa, na fundi ndiye mtunga kanuni. "Shujaa wako ana nguvu sita, zimwi analolifuga arobaini! Jumamosi lilimaliza majoka yote, kaka yangu, mumeo, akabaki kushika mwenge."

"Si ulisema mwenyewe likila siku moja linapata nguvu moja? Basi nimelilisha."

"Hata siku ambazo hatuchezi?"

"Kwani mtoto hula siku za wageni tu?"

Hapo, nakiri, nilihamia upande wa zimwi.

Fundi alikuna kichwa, kisha akatabasamu kama aliyepata dawa. "Sawa. Wiki hii litaugua surua, libaki na nguvu kumi."

Treni ilikuwa inapunguza mwendo. Nesi alifungua mkoba bila haraka, akatoa kadi ya kliniki, ya kweli kabisa, yenye jina la zimwi na uzito wake wa kila wiki.

"Surua? Limeshachanjwa," alisema, na treni ikasimama.