Niliyataja Majina, Bwana Akanifungua

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe hata kwenye mifupa inayouma! Mimi ni Bibi Roza wa hapa Nyakitonto. Shule niliishia darasa la pili, lakini jina la mtu silisahau, na kwa majina Bwana alinifungua.

Ndugu zangu, mwanangu Yeremia alimwoa Spesioza kutoka Kagerankanda. Mtoto wao wa kwanza, Obedi, alivimba mikono na miguu kabla hajajua kusimama. Macho yakawa ya manjano, akafa. Akaja Rehema, hivyo hivyo, naye tukamzika. Alipozaliwa Tabita na vidole vikavimba, nikasema, huyu mkwe ni mchawi, ametoka na kitu kwao! Nilisema kisimani, nilisema shambani, nilisema hata kwenye maombi ya akina mama. Nikaacha kula chakula chake. Miaka miwili, ndugu zangu, nilijipikia na kasufuria kangu, mtu mzima mimi!

Tabita akaishiwa damu. Akalazwa hospitali Kasulu, akaongezewa. Huko tulimkuta Daktari Imelda, mtafiti wa magonjwa ya damu. Alimpima akasema ni selimundu: chembe za damu zinapinda kama mundu, zinaziba njia, ndiyo maana mtoto analia. Akaomba aje nyumbani kuuliza habari za ukoo.

Alikuja na karatasi kubwa, akakaa mkekani nasi. Mwanaume alimchora kiboksi, mwanamke kiduara. Nyumbani kwetu mtoto aliyekufa mdogo hatajwi jina, tunaogopa kukiita kifo kirudi. Lakini siku hiyo nilitaja kwa furaha! Nilitaka karatasi ishuhudie kwamba ukoo wangu ni safi, ubaya uko Kagerankanda. Nikataja wajomba, nikataja mashangazi, nikafika kwa ndugu zangu wa tumbo moja: Elia, Dorika, Zakayo, Malita.

"Zakayo yuko wapi, Bibi?"

"Alikufa mdogo. Alikuwa akilia miguu."

"Na Malita?"

"Malita mikono..."

Mikono ya Malita ilivimba, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni! Alipokufa tulilifunga jina lake, nikaifunga na mikono yake humo humo.

Daktari hakunicheka. Alitupima damu wote, akatueleza polepole. Mtoto huumwa akirithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Aliyerithi upande mmoja haumwi, hubeba tu. Spesioza anabeba. Yeremia anabeba. Na mimi nabeba! Kitu nilichokuwa nakitafuta Kagerankanda kilikuwa kwenye mishipa yangu.

Nilimfuata Spesioza jikoni, anasonga ugali. Nikashika nguzo, maana magoti hayapigiki tena. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe." Alisonga, akasonga, ugali ukawa mgumu kama jiwe. Ndipo akasema, "Mama, huu umepikwa na mchawi. Utauweza?"

"Nipe. Na ukoko unipe."

Akacheka huku analia. Nilikula mpaka nikakwangua sufuria.

Wapendwa, sisemi ugonjwa umeondoka, nisije nikasema uongo mbele za Mungu. Tabita yuko darasa la tatu. Anameza vidonge kila siku, anakunywa maji mengi, asubuhi za baridi havui sweta, kliniki hatukosi. Namshukuru Mungu aliyemtuma Daktari Imelda. Sasa yuko upande wa Kibondo na karatasi yake. Akifika kwako, usimfiche jina hata moja! Na wewe mama mwenye mtoto anayevimba mikono, usimtafute mchawi, usimchanje chale. Mtumaini Bwana, ubebe mtoto, uende akapimwe damu.

Obedi. Rehema. Zakayo. Malita. Nimewataja kwa sauti mbele yenu, na kifo hakijaitika. Aliyeitika ni Bwana!

Spesioza, mwanangu, simama wakuone. Huyu ndiye niliyemchafua jina kisimani, na mjue wote: leo mchana nakula kwake.