Safu Mbili za Bi Kadi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Kadi anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika chumba chetu cha kamusi. Meneja ameniomba wasifu mfupi na wa kupendeza. Huo ufupi nitajitahidi.

Alianza kama karani wa kupiga taipu. Jina la utani alilipata kwa mazoea yake: kila alipoliona neno la Kiingereza likitumika, iwe kwenye chupa ya dawa au barua ya shemeji yake, alilinakili kwenye kadi na kuitia kwenye boksi la viatu. Siku ya harusi ya bintiye alichomoa kadi katikati ya hotuba ya baba mkwe. Mumewe hajamsamehe mpaka leo!

Neno lililomganda ni "over". Kadi mia nne na kumi na mbili, jamani! Ndege ikipita juu ya nyumba, ni hilo. Mtu akiruka ukuta, ni hilo. Umri ukizidi sitini, hilo. Mkutano ukiisha, hilo tena. Asili yake aliifuata mpaka Kiingereza cha kale, akakuta lina ndugu kwa Wajerumani na Wagiriki. Akaandika safu mbili nzima. Meneja akataka mstari mmoja tu: "juu ya", basi.

Hapa kwetu ukurasa hauendi mtamboni bila sahihi ya mwenye meza, yaani mhariri wa herufi husika, na meza ya O ilishakuwa ya Bi Kadi. Akagoma kusaini. Akaitwa ofisini mara tatu, akaambiwa anachelewesha kamusi nzima, akahamishiwa stoo isiyo na feni. Alijibu kwamba mwanafunzi aliyejinyima akanunua kamusi hatadanganywa na yeye, kisha akabeba maboksi yake akaenda. Sisi wengine tulinyamaza, na ninaona aibu kuliandika hilo.

Meneja amekuwa akihesabu siku. Ametangaza wazi kwamba Jumatatu safu zile zinakatwa, na jana akanikabidhi mimi meza ya Bi Kadi, kwa kuwa eti sina maneno mengi.

Bi Kadi, asante sana. Umetufundisha kukataa. Nenda ukalale mchana, uwadekeze wajukuu, na afya isikupungukie. Wala usihangaike na Jumatatu: safu zote mbili nimezisaini asubuhi hii, na ukurasa uko mtamboni.