Kibao cha Kileleni

Basi letu la kwenda mji wa Reno, Marekani, lilipokaribia kilele, Delmar, Mpaiute, mmoja wa wenyeji wa asili wa milima hiyo, aliyeketi mbele yangu, alimgeukia mama mzee wa pembeni yake. "Kile kibao cha shaba hapo juu kinanichekesha, mama. Eti Kapteni Tolliver ndiye mtu wa kwanza kuvuka mlima huu! Bibi zetu walivuka kila mwaka kuokota mbegu za misonobari. Na huyo kapteni aliongozwa na mwanamke wa kwetu, tena kabeba mtoto mgongoni."

Mama alikunjakunja glavu zake. "Najua, mwanangu. Maneno yale niliyaandika mimi. Mwanamke yule alikuwemo katika maandishi ya kwanza, lakini tulipewa herufi mia tatu tu, ikabidi tupunguze."

"Mkampunguza yeye."

"Ndiyo."

"Na ile mistari mitatu ya chini?"

Mama aligeukia dirisha, ingawa nje kulikuwa na ukungu mtupu. "Majina yetu wanakamati."

Basi likasimama kileleni. Dereva akatutangazia dakika kumi za kupiga picha. Wale wawili hawakuinuka. Nami, ambaye sebuleni kwangu nimetundika picha yangu nikiwa nimekiegemea kibao kile, nikainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.