Nyanjige wa Lingeka, Aliyepiga Mwano kwa Ajili ya Mtu

Mwangaluka, wasikilizaji wapendwa. Unayemenya viazi, endelea kumenya. Masikio hayashiki kisu. Leo tunamkumbuka Nyanjige Masele wa Lingeka, wilayani Meatu. Alifariki Jumanne iliyopita kwa presha, akiwa na miaka sitini na mmoja. Narudia kwa aliyekuwa anafukuza kuku: Nyanjige Masele wa Lingeka, yule mama wa kufuli mbili.

Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha trekta. Meno mawili ya mbele hakuwa nayo. Ukimwuliza yako wapi, alijibu, "Nimewaachia mashemeji."

Na haukuwa utani. Miaka tisa iliyopita mumewe, Masunga, alijiua. Kaburi halijafukiwa vizuri, ndugu wa marehemu wakamgeukia mjane. Walimchapa fimbo za kuchungia ng'ombe. Walisema mwanamume hajiui, anauawa na ulimi wa mkewe. Aliyempiga kuliko wote ni Athanasi, mdogo wa marehemu. Ngumi yake ndiyo iliyong'oa meno. Wakachoma kitanda, wakachoma na nguo. Nyanjige alikaa kwa dada yake wiki tatu, akinywa uji kwa mrija.

Mwaka uliofuata, muuguzi wa zahanati alimpeleka Mwanza kwenye mkutano wa watu waliofiwa namna hiyo. Walitoka Kenya, Uganda, Malawi na hapa kwetu. Nchi zetu hizi, wasikilizaji, ambako daktari mmoja wa akili anasubiriwa na wilaya nzima. "Tulikutana maskini watupu," alikuwa akisema, "kila mmoja kaja kuazima."

Sista Apolot, muuguzi wa Soroti kule Uganda, aliwaonyesha sanduku la chuma la kufungia sumu ya shambani. Lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja unakaa kwako, wa pili kwa jirani. Mwenye uchungu hawezi kulifungua bila kubisha hodi kwa mtu. "Kufuli haihitaji digrii," alisema Sista Apolot.

Nyanjige akaazima sanduku. Naye akawaachia mwano, ule ukelele wetu wa kuibiwa ng'ombe, ambao ukilia kila mwanamume anatoka mbio na fimbo yake. "Sasa mtu akitaka kujiiba mwenyewe," akawauliza, "tunyamaze kwa sababu hana pembe?"

Lingeka walimcheka. Hata hivyo kaya kumi na nne ziliweka masanduku, na ya Athanasi ilikuwamo. Jirani yake wa karibu, wa kumshikia ufunguo wa pili, alikuwa nani? Nyanjige huyohuyo. Mungu naye ana utani wake.

Mwaka juzi mvua ya mawe iliisaga pamba yote ya Athanasi. Mkewe alikuwa ameshaondoka. Saa nane mchana akafika mlangoni kwa Nyanjige na shoka.

"Shemeji, ufunguo."

"Wa kazi gani? Pamba unayo?"

"Nipe ufunguo, mayu."

"Meno yangu ulishachukua. Ufunguo hupati."

Akaupiga mlango shoka. Mbao zikaruka. Pigo la tatu lilipita kando ya sikio la Nyanjige. Mama akaruka nje kupitia dirishani, akapiga mwano.

Wanaume wakaja mbio. "Ng'ombe wangapi?" akauliza Mayige, kiongozi wa sungusungu.

"Mmoja. Huyu hapa."

Wao waliona shoka, wakaona mlango. Wakaanza kumponda Athanasi. Akaanguka, damu ikamjaa machoni. Hapo ndipo Nyanjige alipomlalia juu. Fimbo iliyokuwa ya kichwa cha Athanasi ikauvunja mkono wake wa kushoto. Waliokuwapo walisikia mfupa. Naye kutoka pale chini akawaambia, "Mwano ni wa kurudisha, wajinga nyie. Mmewahi kumrudisha ng'ombe kwa kumchinja?"

Wakashusha fimbo. Wawili hao walipelekwa zahanati kwa mkokoteni mmoja. Athanasi akatibiwa, akapata mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Yuko hai. Narudia: Athanasi yuko hai.

Tangu siku hiyo mwano umepigwa Lingeka mara sita kwa ajili ya mtu. Wote sita wanakula ugali. Sista Apolot ametutumia ujumbe kwamba Soroti nao wanapiga ukelele, na wameupa jina: Nyanjige.

Alhamisi, kwenye mazishi, Athanasi alibeba jeneza upande wa mbele. "Mkono wake haukunyooka tena," alituambia. "Akinipa chai kwa mkono ule, ilimwagika. Nilikunywa iliyobaki."

Dada wa marehemu, Philomena, alivua ule ufunguo wa pili shingoni mwa Nyanjige, akampa Athanasi. Athanasi akaukataa. "Mimi nisishike zote mbili," alisema. Akamkabidhi Mayige.

Poleni sana, Philomena, Athanasi na wana Lingeka wote. Na wewe unayetusikiliza ukiwa na uchungu wa aina ile, mwambie mtu leo. Jirani yupo, zahanati ipo. Sisi wengine tujiulize: jirani aliyenyamaza tangu juzi, nani amebisha hodi kwake? Nenda. Fimbo iache nyumbani.