Vyumba Nilivyofungulia Madirisha

Ndugu zangu wa Kilungu, nashukuru Mungu kwa kusimama hapa. Mke wangu ameketi pale, kwa hivyo siwezi kudanganya.

Miaka ya themanini nilikuwa natandika vitanda kwa hoteli moja huko Mombasa. Tulifuata majira ya Ulaya. Kwao baridi ikikaza mwezi wa Desemba, huku vyumba vinajaa mpaka Machi. Aprili mvua ya pwani inaanza, wageni wanapotea, hoteli inafungwa hadi Julai. Wenzangu walienda kwao. Mimi niliambiwa nibaki, niwe nafungua madirisha kila asubuhi ili vyumba visiote ukungu.

Nawaambia, palikuwa patamu. Vyumba arobaini, upepo unainua mapazia, hakuna sauti ila bahari. Nikaanza kusikia wageni wakiongea. Nilipiga hodi kwa chumba kitupu, nikasalimia kwa Kijerumani, "Guten Morgen," halafu nikangoja. Mama watoto, usicheke. Nilingoja kweli.

Mvua yetu ya Novemba, ya kupanda huku Kilungu, ilinyesha nikiwa kazini. Msimu ukiisha, nilibaki na vyumba vyangu. Miaka mitatu sikukanyaga nyumbani. Barua za mke wangu nilizisoma kama habari za watu wengine.

Asubuhi moja ya Juni akatokea mlangoni na msichana wetu mdogo. Nilikuwa naweka ua juu ya mto.

"Baba watoto, hiki kitanda ni cha nani?"

"Cha wageni."

"Watakuja lini?"

"Julai."

"Na kwetu utakuja lini?"

Nikanyoosha shuka. Mtoto akamvuta leso. "Mama, huyu ni nani?"

Nilikaa juu ya kile kitanda nikalia mpaka shuka ikalowa. Mke wangu hakunigombeza. Alifunga madirisha, moja moja, tukaondoka.

Kupona kulichukua muda. Niliamka nikitafuta mapazia. Jirani mmoja wa kanisa hili alikuja kila asubuhi na jembe lake, tukachimba matuta kwa shamba langu. Novemba ilipofika nilipanda pojo na mke wangu, na mtoto akaniita baba bila kuambiwa.

Asante, jirani. Asante, mama watoto. Na nyinyi ambao mtu wenu amepotelea mbali na hajibu barua, msiandike tena. Pandeni basi la kwenda huko aliko, mumfuate.