Kinu cha Ziwani

DONATUS: Haloo? Nani mwenzangu?

SESILIA: Ni mimi. Nimeazima simu ya jirani yangu Mbuke, yangu imezima tangu jana. Umeme hakuna.

DONATUS: Aa, dada! Shikamoo.

SESILIA: Marahaba. Uko wapi wewe? Mkutano ushaanza hapa mwaloni, penye soko la samaki, watu wamefurika, msemaji wa kampuni huonekani!

DONATUS: Nipo... nipo ofisini, Geita. Wenzangu si wamefika?

SESILIA: Wamefika na fulana za bure. Mimi nakutaka wewe. Hebu nieleze tena, chapchap. Hiyo meli—

DONATUS: Meli yenye kinu cha nyuklia, kidogo tu. Inaelea hapo ghubani, inatoa umeme. Migodi inapata, na nyie mnapata.

SESILIA: Na friza langu?

DONATUS: Na friza lako.

SESILIA: Maana wiki hii nimetupa sangara mara mbili, Donatus. Nimelia kama mtoto.

DONATUS: Pole, dada.

SESILIA: Sasa watu wamegawanyika. Mzee Maige kasema sumu ikivuja ziwani tumekwisha. Nikasimama! Nikamwambia kaka yangu yumo humohumo, ingekuwa hatari angeniambia. Wakanipigia makofi.

DONATUS: Ulisema hivyo?

SESILIA: Si ndivyo ulivyoniambia?

DONATUS: Ndiyo. Kimefungwa vizuri. Wataalamu wamepima, wame— Klara, toka hapa!

SESILIA: Huyo si Klara? Anauliza godoro lake lipakiwe wapi?

DONATUS: Mtandao huu... unakatakata—

SESILIA: Godoro gani linapakiwa ofisini, wewe?

DONATUS: Tunahama kidogo. Mama Klara anataka awe karibu na kwao, Ushirombo.

SESILIA: Kuhama kidogo ndiyo kukoje? Nyumba yenu hapa hamjamaliza hata kupiga rangi! Na leo, siku ya mkutano?

DONATUS: Ni woga wake tu.

SESILIA: Na wewe?

DONATUS: Mimi nabaki. Kazi ni kazi.

SESILIA: Sijauliza kazi! Wanangu wanaoga ziwa hili, Donatus. Wanachota, wanakunywa.

DONATUS: Haloo? Dada? Sikusikii—

SESILIA: Mtandao uko safi. Nakusikia unavyohema. [kelele za watu] Nakuja, mwenyekiti, nakuja! Wananiita mbele. Nikishasema mimi, wananyoosha mikono kupiga kura.

DONATUS: Sema... sema unavyoona.

SESILIA: Mimi nimeona nini? Nimeona kwa macho yako. Sema mwenyewe. Naiweka simu kwenye kipaza sauti.

DONATUS: Dada, usi— vocha inaniishia!

SESILIA: Umepigiwa, Donatus. Vocha ni ya Mbuke. Haya jamani, tulieni! Kaka yangu yuko hewani.

DONATUS: [injini ya gari inanguruma]

SESILIA: Watu wanasikiliza.

DONATUS: ...Dereva, zima gari kwanza.